Mtungi wa udongo, matone, paipu au zai: ipi inafaa shamba kavu la Malindi?

Mtu wa Langobaya kule ndani na mtu wa Mambrui kule pwani, kila mmoja atakwambia shamba lake ni kavu, na wote watakuwa wamesema kweli. Lakini dawa ya mmoja haimfai mwenzake. Sehemu nyingi za ndani, kuanzia Langobaya kwenda Ganze, ardhi hufunga ngozi juu: mvua ikipiga kwa nguvu, maji hutiririka na kuishia bondeni. Kule pwani ni mchanga. Maji hayatiririki popote, yanazama moja kwa moja mpaka mizizi isikofika. Mwenye ardhi ngumu kazi yake ni kuyasimamisha maji yanayopita. Mwenye mchanga kazi yake ni kuyatoa kidogo kidogo yale aliyonayo. Njia karibu zote zinazosifiwa zinafanya moja kati ya kazi hizo mbili, na anayechagua bila kujua anahitaji ipi hupoteza nguvu zake bure.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chimba shimo la sentimita 30 kila upande na kina cha 30. Lijaze maji, liache likauke, kisha lijaze tena na utazame saa. Ujazo wa pili ndio unaosema kweli, kwa sababu ule wa kwanza unanywewa na udongo mkavu. Maji yakiisha ndani ya dakika kumi au kumi na tano, huo ni mchanga. Yakichukua saa moja hadi tatu, una udongo wa tifutifu na karibu kila njia itakukubali. Yakilala mpaka asubuhi, una mfinyanzi, au kuna tabaka gumu chini, na zai yenye kina, yaani shimo la kupandia linalokusanya maji ya mvua, inaweza kukugeukia mwezi wa Mei.

Swali la pili ni maji yanatoka wapi: yanashuka kutoka mbinguni, au yanabebwa na punda kwa jerikeni? Zai na nusu mwezi (ukingo wa udongo wenye umbo la mwezi mchanga) ni za maji ya mvua. Mtungi wa kuzikwa, matone ya ndoo na paipu ya kuzika ni za maji ya kubebwa. Kuzilinganisha hizo tano kana kwamba zinashindania kazi moja ndiko kunakowachanganya watu.

Mtungi wa udongo kwa bustani ya nyumbani

Mtungi uliozikwa ni njia ya kale. Kule Uchina iliandikwa miaka ipatayo 2,000 iliyopita. Udongo uliochomwa bila kupakwa rangi wala vanishi una vitundu vidogo mno, na udongo mkavu wa nje huyavuta maji kupitia vitundu hivyo. Nje kukiwa na unyevu wa kutosha, mvuto unapungua na maji yanatoka polepole. Kwa maneno mengine, mmea ndio unaoamua utapewa kiasi gani, na hapo ndipo mtungi unapozishinda njia nyingine zote za kubeba maji.

Tafuta mtungi wa lita 5 hadi 10, tumbo pana na shingo nyembamba. Usiununue kwa macho. Ujaze jioni, uweke kivulini, na asubuhi upitishe kiganja ubavuni: mkono utoke na unyevu, kama ukuta unaotoa jasho. Ukitoka mkavu, mtungi umechomwa sana au udongo wake ni laini mno, na hautamwagilia kitu. Maji yakitiririka mstari, kuna ufa. Ukiagiza mitungi mingi kwa mfinyanzi, mwombe achanganye unga wa mbao uliochekechwa au makapi ya mpunga kwenye udongo wake. Tanurini huungua na kuacha vitundu zaidi. Mtungi wa zamani wa maji ya kunywa nao hufaa, ila usugue kwanza kwa brashi ngumu, nje na ndani.

Chimba shimo pana mara mbili ya mtungi. Changanya udongo uliotoka na samadi iliyooza, theluthi moja ya samadi kwa theluthi mbili za udongo, kisha uushindilie kuuzunguka mtungi mpaka ibaki shingo ya sentimita mbili au tatu juu ya ardhi. Usifanye haraka kwenye kushindilia. Pakibaki nafasi ya hewa kati ya ukuta na udongo, hakuna kinachovuta, na utaona mtungi umejaa wiki nzima huku miche inakauka pembeni. Funika kwa jiwe bapa au kifuniko cha sufuria, la sivyo utakuwa unafuga mbu.

Kwenye mchanga unyevu hauendi mbali pembeni, kwa hiyo panda sentimita 10 hadi 15 kutoka ukutani. Kwenye tifutifu unaweza kwenda hadi 25 au 30. Mtungi wa lita 8 unatosha tungule (nyanya) tatu, au sukuma wiki tano au sita. Weka mtungi mwingine umbali wa mita moja. Ukipanda mbegu badala ya miche, mwagilia juu kwa mkono mpaka ziote, kwa maana unyevu wa mtungi mara nyingi haufiki juu kabisa.

Kwa siku mtungi wa namna hii hupungua kuanzia nusu lita hadi lita mbili, kutegemea udongo, upepo na ukubwa wa mimea. Ujaze kabla haujashuka chini ya nusu. Ukiuacha ukauke mara kwa mara, chumvi huganda ndani ya ukuta na vitundu huziba. Mbolea ya maji usiitie ndani kwa sababu hiyo hiyo. Maji ya mto Sabaki yana tope jingi: yaache yatulie ndani ya pipa usiku kucha, uyachote ya juu, la sivyo mtungi unaziba ndani ya msimu mmoja.

Gharama kubwa ya mitungi, kusema kweli, huwa si bei yake. Ni barabara. Ikipakiwa bila majani makavu katikati, itafika vigae.

Matone ya ndoo, na jinsi yanavyoziba

Seti ya ndoo inayojulikana zaidi ni ndoo ya lita 20 juu ya kigingi cha mita moja, chujio, na mistari miwili ya mita 15 yenye vitundu kila sentimita 30. Hiyo ni mimea 100. Piga hesabu: ndoo moja ni lita 0.2 kwa kila mmea. Ndoo mbili kwa siku zinatosha miche michanga. Sukuma wiki iliyokomaa, Januari kaskazi inapovuma na jua limewaka, inataka ndoo nne, yaani lita 80, mzigo mzima wa punda kila siku ya Mungu. Wauzaji wengi hawalisemi hilo.

Muulize muuzaji jambo moja: mistari hii inafanya kazi kwa kimo cha mita moja? Mita moja ya kimo inatoa baa 0.1 tu. Mistari mingi iliyotengenezwa kwa pampu inataka karibu baa 1, ambayo ni tangi la mita 10 juu. Ukiifunga kwenye ndoo, mimea ya mwanzo itakunywa na ya mwisho itakufa. Vilevile mistari ilale sawa. Kwa kimo kidogo namna hiyo, mteremko wa sentimita 30 tu unampa wa chini maji mengi kuliko wa juu. Kama shamba lina mteremko, laza mistari kuukata mteremko, usiishushe.

Adui wa matone pwani ni chokaa. Visima vilivyochimbwa kwenye jiwe la matumbawe vina maji magumu. Dalili yake ni ile ganda nyeupe inayoshika kwenye birika la chai. Ganda hilo hilo hukaa kwenye vitundu. Kila wiki fungua ncha za mistari uache maji yatoke mpaka yawe safi. Chujio lioshwe kila unapojaza. Mstari ulioziba kwa chokaa ulaze usiku kwenye siki, kisha uusukume kwa maji. Ulioziba kwa mwani wa kijani hautibiki kwa siki, dawa yake ni kufunika ndoo na kuikinga na mwanga tangu mwanzo. Ndoo nyeupe inayopitisha mwanga ni kiwanda cha mwani. Kisha kuna panya, wanaotafuna mistari kutafuta maji wakati wa kiangazi. Kuweka bakuli la maji pembeni ya bustani hupunguza uharibifu huo, ingawa wapo wanaoona ni kuwafuga.

Ukiziweka bega kwa bega: mwenye mimea isiyozidi thelathini, anayesafiri siku tatu nne, maji yake ni ya tope la kutuliza pipani au ya chokaa, achukue mitungi. Mwenye mimea mia na zaidi, maji safi, na mtu wa kushinda pale kila siku, achukue matone, kwa kuwa mitungi 25 ya kujaza mmoja mmoja ni kazi. Mtungi uliozikwa hauibiwi. Ndoo na mistari huibiwa.

Miti: paipu inaushinda mtungi

Mwembe, mdimu au mkorosho unahitaji msaada misimu miwili ya kiangazi, kisha ujitegemee. Mtungi unaweza kuanzisha mti, ila mizizi huukumbatia na mwisho huupasua. Tena unyevu wa mtungi mdogo unaikalisha mizizi karibu na juu, wakati unachotaka ni ishuke.

Paipu ya kuzika hufanya hivyo. Kata paipu ya plastiki ya milimita 50 urefu wa sentimita 50. Toboa vitundu vya milimita 2 kila sentimita 5 upande utakaoelekea mche, kuanzia sentimita 15 kutoka juu. Izike wima kando ya mche, sentimita 10 hadi 15 kutoka shina, ibaki sentimita 5 juu ya ardhi. Ifunike kwa wavu au kipande cha chandarua kilichofungwa kwa mpira, kwa sababu mijusi huingia kutafuta maji na kufia humo. Mwanzi uliotobolewa mafundo unafanya kazi hiyo hiyo kwa msimu mmoja miwili kabla mchwa hawajaumaliza.

Kosa linaloua miche mingi kwenye njia hii liko kwenye vile vitundu. Mche uliotoka kwenye mfuko wa kitalu una mizizi ya sentimita 15 au 20 tu. Paipu isiyo na vitundu pembeni, iliyo wazi chini peke yake, inapeleka maji sentimita 45 chini. Mche unakauka juu ya ardhi iliyoloa. Vitundu vya juu ndivyo vinavyouokoa mwezi wa kwanza, na vya chini ndivyo vinavyoivuta mizizi baadaye. Kwenye mchanga ziba mdomo wa chini kwa kitambaa kilichojazwa udongo wa mfinyanzi, ili maji yalazimike kutoka pembeni.

Paipu ya ukubwa huo inashika kama lita 0.9. Ukitaka kutoa lita 5, ijaze mara tano au sita, au ichomekee chupa iliyokatwa kitako iwe kama faneli. Mwezi wa kwanza lita 4 au 5 mara mbili kwa wiki. Baada ya hapo mara moja kwa wiki. Kiangazi cha pili kila baada ya wiki mbili. Ukiona majani machanga yananyauka asubuhi, si mchana, ongeza. Kunyauka mchana na kuamka jioni ni kawaida.

Chupa ya plastiki iliyopinduliwa, ambayo picha zake zimejaa mitandaoni, kwenye mchanga humaliza lita moja ndani ya muda mfupi kisha inakaa tupu siku nzima. Inafaa kwa mche mmoja mlangoni. Zile chembechembe za kunyonya maji zinazouzwa kwenye agroveti hufanya kazi kwa maji baridi ya mvua. Maji yenye chumvi huzizuia kuvimba, kwa hiyo karibu na bahari pesa yako ibaki mfukoni.

Zai na nusu mwezi kwa maji ya mvua

Zai asili yake ni Afrika Magharibi. Yacouba Sawadogo wa Burkina Faso ndiye aliyeifanya ijulikane duniani. Ile ya kwao ni shimo dogo: upana wa sentimita 20 hadi 30, kina cha 10 hadi 20. Kenya imezoeleka zaidi ile kubwa ya sentimita 60 kila upande na kina cha 60. Tofauti yake uisikie mgongoni: mashimo 100 makubwa ni meta za ujazo 21.6 za udongo wa kuhamisha, ilhali mashimo 100 ya mviringo ya upana wa 30 na kina cha 20 ni 1.4 tu. Kwa mtu asiye na vibarua, madogo mengi ni bora kuliko makubwa yaliyoachwa nusu.

Ukichimba kubwa, tenga udongo wa juu mweusi upande mmoja na ule wa chini upande mwingine. Chini weka mabua makavu ya sentimita 15 na uyakanyage. Kisha rudisha udongo wa juu uliochanganywa na debe moja au mawili ya samadi iliyooza, ukiacha sentimita 15 za juu wazi ili maji yapate pa kukaa. Udongo wa chini uwe kingo upande wa bondeni. Panda mahindi matano kwenye maeneo makavu, moja kila pembe na moja katikati. Tisa ni kwa maeneo ya mvua nyingi. Samadi mbichi itaunguza mbegu mvua ikikatika, na hicho ndicho chanzo cha wengi kusema zai imewashinda.

Zai inafaa mahindi, mtama na maboga. Pojo na kunde haziulipi usumbufu huo. Zipandie kwenye matuta yaliyofungwa, mifereji ikizibwa kila baada ya mita mbili tatu. Na kwenye mfinyanzi wa kando ya Sabaki usichimbe mashimo makubwa kabisa. Mei ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi Malindi, na mahindi yaliyosimama kwenye maji siku tatu hugeuka njano. Kwenye mchanga mtupu zai nayo haina maana, maana hakuna maji yanayotiririka ya kukusanywa.

Nusu mwezi ni kwa miti, kwenye ardhi ngumu yenye mteremko mdogo. Ukingo wa udongo wenye kimo cha sentimita 25 hadi 30 unachorwa kwa umbo la mwezi mchanga, mdomo ukiangalia mlimani. Wenye nusu kipenyo cha mita 3 una eneo la mita mraba 14. Mvua ya milimita 20, hata nusu tu ya maji ikitiririka, inakusanya lita 140 kwenye mti mmoja, bila punda wala jerikeni. Hapo ndipo paipu haiwezi kushindana.

Ila ncha mbili za mwezi lazima ziwe kimo kimoja. Pima kwa fremu ya A: miti miwili ya mita 2, mmoja wa kukatisha, uzi na jiwe. Ncha moja ikiwa chini kwa sentimita tano, maji yote hukimbilia hapo, hupasua, na korongo linaanza. Ziwekee ncha mawe. Safu inayofuata ikae mkabala na nafasi za safu ya juu. Mche upandwe pembeni kidogo ya sehemu ya chini kabisa, si katikati ya kidimbwi. Halafu uzungushie miba, maana kijani pekee kiangazi ni mwaliko wa mbuzi wa kijiji kizima. Kwa mbegu za miti ya ukame, KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya, ina kituo chake Gede.

Njia yoyote utakayochagua, iwekee matandazo ya makuti, nyasi au makumbi, unene wa sentimita 8 hadi 10, mbali na shina kwa kiganja kizima ili mchwa wasihamie kwenye mche. Makumbi ya nazi yaliyofukiwa chini ya shimo hushika maji vizuri mno kwenye mchanga. Yaloweke kwanza na umwage hayo maji, kwa sababu yana chumvi yake.

Maji ya kisima yakiwa na chumvi

Lamu na ufukwe wa Malindi maji baridi ya kisima hukaa juu ya maji ya bahari yaliyo chini yake. Ukivuta kwa nguvu na kwa muda mrefu, ya chini hupanda. Chota kidogo asubuhi na kidogo jioni badala ya pampu saa tatu mfululizo. Mwenye paa la bati au jabia (tangi la kuwekea maji ya mvua) ayatumie maji ya mvua kwa miche, na ya kisima kwa mimea iliyokwisha shika. Maharagwe, vitunguu, ndimu na maembe huchoka mapema kwa chumvi. Tungule huvumilia kidogo, spinachi zaidi, na mnazi na mtende ndio wenyewe.

Kwa maji ya namna hiyo zai na nusu mwezi hazina shida, ni za mvua. Mtungi unavumilia, kwa kuwa udongo unakaa na unyevu muda wote na chumvi husogea ukingoni mwa eneo lililoloa. Usipande kitu kwenye ukingo huo mweupe. Paipu nayo hutaka kusafishwa chumvi: kila mwezi mimina mara tatu ya kiasi cha kawaida kwa mkupuo mmoja, chumvi ishuke chini ya mizizi. Kwa matone hatari iko kwenye manyunyu ya kwanza ya masika. Mvua ndogo huitoa ile chumvi ukingoni na kuirudisha kwenye mizizi, na mimea hukauka siku mbili baadaye watu wakidhani ni ugonjwa. Manyunyu yakianza usifunge ndoo. Iache iendelee kutona mpaka mvua kubwa ishike.